Kamera, Huruma na Utu Wetu

Tumezoea kudhani kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, nyimbo, vinyago, mavazi na mapishi, na kwamba kuulinda ni kuyahifadhi mambo hayo yasipotee. Dhana hiyo si potofu, lakini ni finyu. Utamaduni ni pamoja na namna taifa linavyojitazama, na namna linavyokubali kutazamwa na wengine. Taifa linalozitunza ngoma zake kwa bidii, huku likiziacha sura za watu wake zichukuliwe na kusambazwa duniani bila idhini, bila jina na bila marejesho, lafanana na mwenye nyumba atiaye kufuli ghalani na kuuacha wazi mlango wa chumba alalamo.

Nakusudia hapa kusema juu ya kazi ya wapiga picha wa misaada na wa kumbukumbu za maisha ya watu: wale wanaotumwa na mashirika, au wanaojituma wenyewe, kuja kuzipiga picha taabu zetu ili ulimwengu uzione na uzihurumie. Simsemi mpiga picha wa arusi wala wa pasipoti. Wala sitasema juu ya nchi nzima, maana mwenye kusema juu ya kila mahali mara nyingi hasemi lolote. Nitasema juu ya Njombe na Makambako, mahali nilipoutumikia umma kwa miaka mingi, na ambapo nimewaona wageni hao wakija na kuondoka.

Watetezi wa heshima yetu hulalamika kwamba picha hizo zatuaibisha. Ni kweli, lakini lalamiko hilo peke yake halitoshi, kwa kuwa mwenye kamera ana jibu jepesi: "Heshima haimponyi mgonjwa, picha yangu itamletea dawa." Basi mimi nasema zaidi ya hapo. Nasema kwamba kamera ya huruma, jinsi inavyotumika kwetu, haisemi kweli. Yatafuta taabu inayoonekana kwa macho, na taabu zetu kubwa hazionekani kwa macho ya mtu akaaye siku tatu. Kwa hiyo twavunjiwa heshima kwa ajili ya uongo, na hasara hiyo ni mara mbili.

Anayeijua Makambako ajua kwamba huo ni mji wa njia. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia hukutana na barabara iendayo Njombe hadi Songea. Na hapo ipo stesheni ya TAZARA, Reli ya Uhuru, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Malori ya viazi, mbao, mahindi na parachichi hupita usiku na mchana. Ukipanda kuelekea Njombe, waingia katika nchi ya baridi, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yenye mashamba ya chai, misitu ya miti ya kupandwa, na vilima vilivyolimwa hadi vileleni. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa inayolilisha taifa. Mgeni ajaye huku kutafuta ukame na njaa amepanda basi lisilo lake.

Hata hivyo wageni waja, na hawaji bila sababu. Mkoa huu una mambo mawili ya kuhuzunisha, na yote mawili yamo katika takwimu za Serikali yenyewe. La kwanza ni udumavu wa watoto. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika nchi nzima watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Katika Mkoa wa Njombe walikuwa 50. La pili ni UKIMWI. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulikuta kwamba zaidi ya watu 14 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Njombe walikuwa na virusi, na ule wa mwaka 2022 na 2023 ukakuta zaidi ya 12 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Mara zote mbili Njombe ilishika nafasi ya kwanza katika Tanzania. Hatuna haki ya kuyaficha haya. Lakini na tutazame kamera inayafanyia nini.

Tuanze na udumavu. Mtoto aliyedumaa si lazima awe mtoto aliyekonda. Ana mashavu, acheka, akimbia na wenziwe. Ila umri wake ni miaka mitano na kimo chake ni cha mtoto wa miaka mitatu. Ukimpiga picha peke yake, mtazamaji aliyeko London au Oslo ataona mtoto mdogo mwenye afya njema, kwa kuwa picha haipimi umri. Basi mpiga picha aliyeagizwa kuleta sura ya utapiamlo afanye nini? Huwaacha watoto wote wenye tatizo la mkoa, akamtafuta mmoja mwenye tatizo jingine: mgonjwa, aliyekonda, mwenye tumbo lililovimba, ambaye pengine asumbuliwa na maradhi mengine kabisa. Huyo ndiye apigwaye picha, na huyo ndiye awekwaye juu ya maelezo kwamba Njombe ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa udumavu. Takwimu ni ya kweli, mtoto ni wa kweli, na vyote viwili vikiwekwa pamoja huwa uongo.

Nilishuhudia jambo moja katika kijiji kimoja, mwezi wa Juni, wakati ambapo ukungu wa Njombe huwa haujaondoka hata saa nne ya asubuhi. Mama mmoja alikuwa amemvika mwanawe sweta na kofia ya sufu, kama wafanyavyo akina mama wote wa huku. Mpiga picha, kwa kinywa cha mkalimani, akamwomba amvue mtoto sweta lile kwa kuwa lilikuwa "linauziba mwili". Mama akanyamaza, akamtazama ofisa aliyefuatana na mgeni, kisha akalivua. Mtoto akatetemeka na kulia. Na kilio kile, kilicholetwa na baridi, ndicho kilichopigwa picha ili kiwe kilio cha njaa. Sweta lile lilikuwa ushahidi. Lilishuhudia kwamba mtoto ana mama, na kwamba mama huyo ana mikono ya kufuma au fedha ya kununua, na moyo wa kumkinga mwanawe na baridi. Aliyelivua sweta alimwondoa mama katika picha, ili mfadhili wa mbali apate mahali pa kuingia.

Sababu za udumavu wa Njombe wataalamu wamezieleza mara nyingi, na ukosefu wa chakula shambani haumo. Mama hutoka alfajiri kwenda kulima, na mtoto huachiwa bibi au dada yake mdogo, akala mara mbili tangu asubuhi hadi jioni. Chakula chenyewe ni ugali, uji mtupu au viazi, siku baada ya siku. Mayai, maziwa na matunda vyaenda sokoni. Na huko sokoni ndiko liliko gunia la lumbesa, lililojazwa na kuvikwa kilemba cha viazi juu yake hata likapita kilo 100, na ambalo mkulima hulipwa kana kwamba ni gunia moja la halali. Hapo ndipo picha ilipo! Lipigwe picha gunia la lumbesa, na kando yake mizani isiyotumika. Apigwe picha mama arudipo nyumbani jua limekwisha kuzama, jembe begani na kuni kichwani, na chungu bado hakijawekwa motoni. Hiyo ndiyo sura ya udumavu. Lakini picha kama hiyo yahitaji mtu akae msimu mzima, aijue salamu ya kamwene na jinsi ya kuiitikia, na awe tayari kumwonyesha anayefaidika na kilemba cha gunia. Kumpiga picha mtoto mchanga hakumuudhi mtu yeyote mwenye nguvu. Kulipiga picha gunia kwaweza kumuudhi mwenye lori.

Twende kwenye UKIMWI. Katika miaka ya 1990 ugonjwa huo ulitambulikana kwa kukonda, na picha iliyozoeleka ikawa ni ya mifupa juu ya kitanda. Lakini tangu mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bila malipo katika nchi yetu, mwenye virusi azitumiaye vema hulima, hupakia mbao, hufundisha shule, na huzaa mtoto asiye na virusi. Humtambui barabarani. Kutotambulikana huko ni ushindi mkubwa, uliopatikana kwa jasho la wauguzi na kwa ushujaa wa wagonjwa wenyewe. Kamera ya huruma haina haja na ushindi huo. Yaupita uwanjani na kwenda kuulizia kitandani.

Na matokeo yake ni nini? Kijana wa Makambako, awe dereva, mpakiaji mizigo au mhudumu wa nyumba ya wageni, amekwisha kufundishwa na picha kwamba UKIMWI una sura ya mifupa. Ajitazamapo kiooni na kuona mashavu yake, ajiambia yu salama, wala haendi kupima. Na yule aliyepima na kukutwa na virusi aogopa kumwambia hata mkewe, kwa kuwa ajua ni picha gani itakayobandikwa juu ya jina lake. Hivyo picha iliyokusudiwa kuponya yageuka kuwa maficho ya virusi.

Zaidi ya hayo, yuko mtoto aliyepigwa picha akiwa na miaka sita, yakaandikwa chini yake maneno "yatima wa UKIMWI". Mtoto huyo hakubaki na miaka sita. Amekua, amesoma, atafuta kazi na mchumba. Picha ya zamani ilififia ukutani na kuliwa na mchwa. Picha ya leo, iliyo katika mitambo ya kompyuta, haifi wala haizeeki, na mtu yeyote mwenye simu aweza kuifufua. Nani aliyempa mwenye kamera mamlaka ya kumwandikia mtoto cheo atakachokivaa maisha yake yote?

Msomaji asidhani kwamba jambo hili limeanza jana. Wakati wa utawala wa Wajerumani, kamera iliingia nchini mwetu pamoja na bunduki na kipimo cha vichwa. Mwaka 1906, Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alizunguka kusini mwa nchi hii na kamera na chombo cha kunasa sauti, wakati majivu ya Vita vya Maji Maji hayajapoa, akaondoka na sura, nyimbo na vifaa vya watu. Picha nyingi za zama zile bado zimo katika maktaba na majumba ya Ujerumani, na mara nyingi aliyepigwa ametajwa kwa kabila lake tu, kama atajwavyo ndege au mti. Majirani zetu Wahehe walirudishiwa mwaka 1954, huko Kalenga, fuvu lililotambuliwa kuwa la Mtwa Mkwawa. Fuvu lilidaiwa kwa kuwa lilijulikana ni la nani. Sura zisizo na majina nani atazidai?

Hapo ndipo kilipo kiini cha maneno yangu, na hapo ndipo ninapotofautiana na wale watakao kamera ipigwe marufuku. Picha ya taabu yaweza kuwa tendo la haki. Mwaka 1904, katika misheni ya Baringa huko Kongo, mama mmoja Mwingereza, Alice Seeley Harris, alimpiga picha baba aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, ameketi barazani akiutazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyinginezo zilionyeshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani, zikasaidia kumnyang'anya Mfalme Leopold wa Pili milki yake ya Kongo mwaka 1908. Zingatia kwamba ina jina la baba, ina kijiji, ina mwaka, na juu ya yote ina mkosaji. Haikuomba sadaka, ilidai hesabu.

Karibu nasi zaidi yuko Mohamed Amin, mwana wa Afrika Mashariki, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako ndiko alikoianzia kazi yake ya kamera. Mwezi wa Oktoba 1984 picha zake za njaa ya Korem, Uhabeshi, zilionyeshwa na BBC na ulimwengu ukashtuka. Njaa ile ilikuwa ya kuonekana, ilikuwa inafichwa, na aliyeionyesha alitaja mahali na wakati wake. Nani atamlaumu? Amin alipoteza mkono wake mmoja kazini Addis Ababa mwaka 1991, akafa katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwaka 1996. Huyo hakuwa mtalii wa majonzi.

Sasa linganisha na picha iliyopigwa Ayod, Sudan, mwezi wa Machi 1993, na Kevin Carter wa Afrika Kusini: mtoto ameinama chini, na nyuma yake tumbusi amngoja. Picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1994. Ulimwengu mzima ulimlilia mtoto yule na kumwita msichana. Mwaka 2011 gazeti moja la Hispania liliripoti kwamba alikuwa mvulana. Kwa miaka 18 watu walitoa machozi juu ya mtoto ambaye hawakujua hata kama ni wa kiume au wa kike! Simlaumu marehemu, ambaye alijiua mwaka ule ule wa tuzo. Aliona mambo ambayo wengi wetu tusingeweza kuyaona na kulala. Naulaumu utaratibu wa huruma unaotosheka na sura, na usioona kwamba jina limekosekana.

Wako watakaonijibu kwa methali. Watasema, mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hizo nazikubali. Lakini mzazi huuonyesha uchi wake kwa mkunga, hauonyeshi sokoni; na mkunga huijua nyumba ya mzazi, humwita kwa jina, na huwajibika mambo yaendapo mrama. Mpiga picha atakaye heshima ya mkunga na ashike miiko ya mkunga.

Wengine watasema kwamba wananchi wenyewe hukubali kupigwa picha, tena hutia sahihi. Nauliza: wanatia sahihi karatasi ya lugha gani? Na mbele ya nani? Mama aliyeletewa mgeni na ofisa wa Serikali, naye ajua kwamba mgeni huyo ndiye mwenye unga na dawa, hana nafasi ya kusema la. Ukimwuliza mtu aliye kisimani kama aitaka kamba, usiliite jibu lake mkataba.

Wengine tena watasema kwamba watu wa kijijini hawajali mambo ya picha. Hao hawajapata kuingia katika studio ya picha ya mji wowote wetu. Tangu zamani, kabla hata ya Capital Art Studio kufunguliwa Unguja mwaka 1930, watu wa nchi hizi walikwenda kupigwa picha kama waendao arusini. Mkulima wa viazi akija Makambako kupigwa picha, huvaa koti, huchana nywele, humweka mkewe kiti cha mbele, huchagua pazia lililochorwa na kumwamuru mpiga picha arudie kama jicho limefumba. Mtu huyo ajua vizuri sana picha ni nini. Ajua kwamba ni ushahidi atakaouacha kwa wajukuu. Ndiyo sababu aumia anyang'anywapo uamuzi wa jinsi atakavyoonekana.

Hata huko Ulaya wenye busara wameliona jambo hili. Mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalipitisha kanuni za maadili juu ya picha na ujumbe unaohusu Ulimwengu wa Tatu, na mwaka 2006 kanuni hizo zikaandikwa upya. Zinaagiza kwamba utu wa mtu uheshimiwe na chanzo cha taabu kielezwe. Lakini kanuni iliyo katika kabati ya Ulaya haimfikii mama wa kijiji cha Njombe, wala yeye hana mahali pa kuishtakia.

Na tusijidanganye kwamba lawama yote ni ya wageni. Mgeni haijui njia iendayo kwenye nyumba ya mnyonge. Mwenyeji ndiye amwongozaye. Ni sisi, watumishi wa umma na viongozi, tunaotangulia mbele na kusema, "Twende kwa yule, hali yake ni mbaya zaidi." Na tumekwisha kujifunza mchezo huo na kuucheza wenyewe. Tazama jinsi tunavyotoa zawadi hospitalini na katika vituo vya watoto yatima. Mgonjwa aliye kitandani apewa mche wa sabuni na kilo ya sukari, na watu kumi wenye suti waizunguka sukari hiyo, kila mmoja ameishika kwa ncha ya kidole, wakingoja kamera. Mgonjwa hawezi kugeuza uso. Thamani ya sukari itakwisha kwa chai ya wiki moja. Picha itabaki katika kalenda, katika gazeti na katika simu za watu wote. Wazee wetu walipompelekea mgonjwa unga walikwenda jioni, na kapu limefunikwa. Kuna adabu katika kufunika kapu, na adabu hiyo ni utamaduni wetu kuliko ngoma nyingi tunazozichezesha uwanjani siku za sikukuu.

Basi tufanye nini? Sheria hazikosekani. Katiba yetu, katika Ibara ya 16, yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake na maisha yake binafsi na ya familia yake. Tunayo Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya mgonjwa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kinachokosekana ni desturi: mazoea ya kila siku ya kuifanya sheria iwe hai mlangoni pa mtu. Kwa ajili hiyo napendekeza mambo matano, na nayatoa kwa halmashauri zetu, kwa mashirika, na kwa wapiga picha wenyewe.

Kwanza, kibali cha ofisa wa kijiji kisihesabiwe kuwa kibali cha mwenye sura. Mtu aombwe yeye mwenyewe, kwa lugha aijuayo, iwe Kiswahili, Kibena au Kikinga, na ofisa akiwa mbali. Aambiwe picha itakwenda wapi, na aambiwe wazi kwamba akikataa hatakosa unga wala dawa.

Pili, mtu apigwe pamoja na jina lake na kazi yake: mkulima wa viazi, mshonaji, mpasua mbao, mama wa watoto watano. Na pale ambapo jina halina budi kufichwa, kama kwa mwenye virusi asiyetaka kujulikana, au kwa mtoto, basi na sura ifichwe pia. Jina likiwa siri, sura haiwezi kuwa bidhaa.

Tatu, nakala ya picha irudi nyumbani kwa aliyepigwa. Ikiwa mpiga picha aona haya kumwonyesha mama picha ya mwanawe, haya hiyo ndiyo hukumu.

Nne, kazi hii wapewe pia vijana wetu. Makambako na Njombe wapo wapiga picha hodari wa arusi na mahafali, wanaojua saa ya ukungu kuondoka, wanaoijua njia ya kila kitongoji na jina la kila mzee. Shirika linalomlipia mgeni nauli ya ndege na hoteli lingeweza kumpa kijana huyo mafunzo na ujira wa msimu mzima. Naye, kwa kuwa ataendelea kukaa hapa, atajibu kwa kila picha aliyoipiga kila aendapo sokoni.

Tano, viongozi na watumishi wa umma tuache mara moja kupiga picha tukimpa mgonjwa au yatima zawadi. Amri hii haihitaji bajeti wala semina. Yahitaji haya tu.

Ndugu msomaji, taabu ya Njombe ni ya kweli, na tunaohitaji msaada hatuoni aibu kuupokea. Lakini atakaye kutusaidia na atuonyeshe jinsi tulivyo: watu wa kazi, wenye majina, tuliovaa masweta yetu, ambao jasho letu lapimwa kwa gunia lisilo la haki, na ambao tumeyakabili maradhi makubwa na tungali tumesimama. Picha ya namna hiyo itawaudhi baadhi ya watu, na haitamtoa mtu machozi upesi. Lakini itakuwa kweli, na kweli ndiyo iletayo dawa iliyo sahihi.

Namalizia kwa ubeti mmoja, nikimwelekea mwenye kamera, awe mgeni au mwenyeji:

Mwenye kamera sikia, sura ina mwenye jina,
Mlangoni ukingia, hodi ni ya uungwana,
Picha ukijipatia, irudi kwa mwenye shina,
Huruma isiyo jina, ni deni lisilolipwa.